Mwongozo Kamili: Kuwaingiza Wanawake wa Vijijini kwenye Huduma za Ugani, Kuanzia Orodha ya Majina hadi Ghalani

Ukitaka kujua kwa nini wanawake hawaonekani kwenye mafunzo ya kilimo, usianze kwa kuwauliza wao. Chukua kwanza mwaliko wa mafunzo yaliyopita uusome: uliandikiwa nani, ulitaja siku gani na saa ngapi, mahali gani, somo gani. Mara nyingi jibu utalikuta humo humo. Mwaliko ulikwenda kwa mkuu wa kaya, mafunzo yalianza saa tatu asubuhi wakati palizi imepamba moto, ukumbi uko mwendo wa saa moja na nusu, na somo lilihusu zao ambalo fedha yake hawaishiki. Wanawake hawakukatazwa na mtu. Ratiba ndiyo iliyowazuia.

Uchunguzi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 1988–89, uliogusa nchi 97, ulikuta ni asilimia 5 tu ya rasilimali za ugani, yaani huduma ya kuwapelekea wakulima mafunzo na ushauri, zilizoelekezwa kwa wanawake, na kwamba wanawake walikuwa asilimia 15 ya watumishi wa ugani. Takwimu hizo ni za zamani, lakini taratibu zilizozizaa bado zimo kwenye fomu tunazojaza. Ripoti ya shirika hilo hilo ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba wanawake wakipata pembejeo na huduma sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yanaweza kupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa hiyo hapa tunazungumzia magunia, wala si hisani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa afisa ugani au mratibu wa mradi mwenye vijiji vichache na msimu mmoja mbele yake. Anza wiki 8 kabla ya kupanda. Ukianza wiki 2 kabla, utaishia kutumia orodha ya zamani, na orodha ya zamani ndiyo chanzo cha tatizo.

Hatua ya 1: Andika upya orodha ya wakulima

Orodha nyingi huwa na jina moja kwa kila kaya. Mwandikishaji anafika mlangoni anauliza, "Mkulima wa hapa ni nani?" Anatajiwa baba, hata kama baba yuko mjini tangu mwaka juzi. Badilisha swali. Uliza: "Nani na nani wanalima hapa, na kila mmoja analima kipande kipi?" Swali hilo moja huweza kuongeza majina mawili au matatu kwa kaya bila ubishi wowote, kwa sababu sasa unauliza kazi, hujauliza cheo.

Kila anayelima apewe mstari wake. Andika jina lake kamili, jinsia, vipande anavyolima na mazao yaliyomo, nani huchagua mbegu ya kila kipande, nani huuza, na simu: ni yake, ya mumewe, au ya jirani? Usikubali kuandika "mke wa fulani". Mtu asiye na jina kwenye daftari hatapata mbegu siku ya kugawa. Wake wenza waandikwe kila mmoja na shamba lake. Wanaosahauliwa zaidi ni wajane wanaoishi kwa watoto wao, wakwe wapya, mabinti ambao hawajaolewa na wanawake wanaolima ardhi ya kuazima. Wapitie makusudi kabla hujafunga daftari.

Sharti linalowatupa wengi nje ni hati ya ardhi. Kama kikundi au mradi unadai hati ndipo mtu asajiliwe, omba sharti libadilishwe liwe "anayelima walau kipande kimoja msimu huu". Ukiambiwa taratibu haziruhusu, unayo hoja: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, wa mwaka 1979, una kifungu cha 14 kinachohusu wanawake wa vijijini peke yao, na kinataja wazi haki yao ya kunufaika na mafunzo na huduma za ugani. Nchi nyingi zimeuridhia.

Hatua ya 2: Pima siku yao kwa mawe

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo palipo na kazi kubwa. Usikisie muda ambao wanawake wana nafasi. Waache wao wakuonyeshe.

Kaa na wanawake 6 hadi 8 wa umri tofauti, mbali na wanaume. Chora duara kubwa ardhini, upange mawe 24 kulizunguka, kila jiwe saa moja. Anza na anapoamka. Kwa kila jiwe waweke kitu: kijiti kwa kazi ya shamba, jani kwa kazi ya nyumbani, punje kwa kazi inayoleta fedha, na pasipo na kitu ni mapumziko au usingizi. Raundi ya kwanza watakupa siku nyepesi mno, maana kazi nyingi hawazihesabu kuwa kazi. Uliza basi swali la pili kwenye kila jiwe: "Saa hiyo mkono wa pili ulikuwa unafanya nini?" Hapo utaona jani likiongezwa juu ya kijiti: anapukuchua huku amebeba mtoto, anapika huku anachambua mbegu. Rudia zoezi kwa siku ya wakati wa palizi na siku ya baada ya mavuno, kwa sababu hizo ni siku mbili tofauti kabisa. Kisha fanya na wanaume duara lao. Yaweke maduara mawili bega kwa bega siku nyingine, watu wote wakiwepo. Usihubiri neno, waache watazame.

Sasa piga hesabu. Tuseme pengo lililojitokeza wakati wa palizi ni kati ya saa nane na nusu mchana na saa kumi na nusu. Hizo ni dakika 120. Mwendo wa kwenda ni dakika 20 na kurudi 20. Zimebaki 80. Basi somo lako ni dakika 75, halizidi. Semina ya siku nzima haiingii kwenye pengo hilo hata uipambe vipi. Igawanye iwe vipindi vinne au vitano vya kila wiki. Kwenye fomu ya bajeti itaonekana safari zimeongezeka, na mkuu wako atauliza. Mwonyeshe duara.

Ukishapanga saa, ianze saa hiyo hiyo. Kuchelewa dakika 40 ukimsubiri mgeni wa heshima kunamgharimu zaidi yule anayetakiwa kurudi mapema kuliko wote, naye ataondoka katikati na wiki ijayo hatarudi. Epuka pia siku ya soko, siku ya kliniki ya watoto na siku ya ibada.

Hatua ya 3: Mahali, watoto na mwaliko

Mahali pasizidi mwendo wa nusu saa kutoka kaya nyingi, pawe na kivuli, choo kinachofungika, na njia ambayo mtu anaweza kurudi nayo kabla giza halijaingia. Uwanja wa kilabu cha pombe haufai. Ofisi ya uongozi wa kijiji nayo ina kasoro yake: wengine wanaihusisha na kuitwa kwenye kesi. Shambani kwa mmoja wao ndipo panafaa zaidi. Kijiji kikiwa kimetawanyika, zungusha: wiki hii upande wa juu, wiki ijayo upande wa chini.

Watoto watakuja, hilo usijidanganye. Tenga walezi 2 kwa watoto 10 hadi 15, mkeka, maji safi na kivuli, mahali ambapo mama anaweza kumsikia mtoto akilia ila haoni kila anapoanguka. Walezi walipwe. Ukiwaomba wajitolee, watakaojitolea ni wasichana walewale uliotaka wahudhurie.

Mwaliko upite njia mbili, mojawapo ikiwa mdomo wa mwanamke kwenda kwa mwanamke: kiongozi wa kikundi cha kuweka na kukopa, mhudumu wa afya, mwenye duka. Barua peke yake huishia mfukoni mwa aliyeipokea. Maneno ya mwaliko yawe hivi:

"Jumatano saa nane na dakika hamsini mchana, shambani kwa mama fulani, tutajifunza kukausha na kuhifadhi nafaka. Tutamaliza saa kumi na dakika tano. Kila kaya ilete watu wawili wanaolima, mwanamke na mwanamume. Watoto wataangaliwa. Hakuna kiingilio."

Saa ya kumaliza ina uzito kuliko saa ya kuanza. Bila kuijua, mtu hawezi kupanga kupika. Na maneno "watu wawili, mwanamke na mwanamume" yanabadilisha mahudhurio kuliko "wote mnakaribishwa", kwa sababu "wote" nyumbani hutafsiriwa kuwa mmoja.

Hatua ya 4: Waume, mapema na waziwazi

Mafunzo ya wanawake peke yao yana nafasi yake, hasa mwanzoni pale ambapo wanawake hawasemi mbele ya wanaume. Lakini yakifanyika kimya kimya, wiki ya tatu utasikia uvumi kwamba mnawafundisha wake kukaidi. Fanya mkutano mmoja wa kijiji kabla ya kuanza. Eleza somo, ratiba na faida kwa kaya nzima. Usiombe ruhusa kana kwamba hudhurio la mwanamke ni fadhila ya mtu. Toa taarifa na upokee maswali. Wazee na viongozi wa dini uwatembelee kabla ya mkutano huo, si baada yake.

Jambo linaloharibu zaidi huja baadaye, pale zao linapoanza kulipa. Bustani iliyokuwa "ya mama" ikipata mnunuzi wa uhakika, ghafla kunakuwa na mwuzaji mwingine nyumbani. Ufunguo ni kuzungumza fedha kabla ya mbegu kuingia ardhini. Waite mume na mke pamoja, waorodheshe kazi zote za zao hilo, wataje nani atafanya ipi kwa siku ngapi, kisha nani atauza, nani atashika fedha, na zitagawanywaje. Waandike au wachore, kila mmoja abaki na nakala. Hili halimalizi ubishi wote, ila ni vigumu mtu kukana alichokitaja mbele ya jirani.

Ukisikia dalili za mwanamke kupigwa au kutishwa kwa sababu ya kuhudhuria, usigeuke msuluhishi. Zungumza naye faragha, umuulize yeye anataka nini, umwelekeze kwa huduma zinazohusika, na usimtaje kikundini. Afisa anayekwenda kumkabili mume kisha akapanda pikipiki yake mwenyewe na kuondoka anamwacha mama peke yake na usiku.

Hatua ya 5: Nani anachagua somo

Chora kadi 10 za matatizo ya shamba: magugu, wadudu wa ghalani, mbegu mbovu, ukame, bei, magonjwa ya kuku, na mengineyo yaliyotajwa kwenye mazungumzo. Kila mtu apewe mawe 5 ayaweke anapotaka. Wanawake wapige kura zao, wanaume zao, kisha mlinganishe. Wanawake mara nyingi huweka mawe kwenye palizi, uhifadhi na maji, yaani mahali ambapo muda na migongo yao inaishia.

Ila kuna mtego, na wengi wetu tumeuingia kwa nia njema kabisa: kuwapa wanawake bustani za mboga na kuku, na wanaume zao la biashara, mikopo na matrekta. Kama mwanamke ndiye anayepalilia lile zao la biashara, basi afundishwe lile zao la biashara. Kuku waongezwe, wasiwe mbadala.

Hatua ya 6: Shamba darasa

Mtindo wa shamba darasa ulianzia Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, FAO ikiusimamia, ili kudhibiti wadudu bila kumwaga sumu ovyo. Nguvu yake kwa wanawake ni kwamba hauhitaji kusoma: unahitaji macho, kamba na mazungumzo. Kikundi cha watu 20 hadi 30 hukutana kila wiki msimu mzima. Wagawe katika vikundi vidogo vya watu 5.

Pimeni vipande vitatu vya mita 10 kwa 10. Cha kwanza kilimwe kwa mazoea ya kijiji. Cha pili kwa ushauri wa kitaalamu. Cha tatu ni swali la wanawake wenyewe, lolote lile: kupanda kunde katikati ya mistari, kutumia samadi badala ya mbolea ya dukani, kupalilia mara moja badala ya mbili. Usikikate kipande hiki hata kama unadhani unajua jibu.

Chukua mahindi kama mfano, mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 25, mbegu moja. Mita 10 zinatoa mistari 13, na kila mstari mashimo 40, jumla 520. Kamba ifungwe mafundo kila sentimita 25. Anayeshika kamba ndiye anayejifunza, kwa hiyo hakikisha kamba imo mikononi mwa wanawake nawe mikono yako iko mgongoni. Ni vigumu kuliko inavyosikika. Afisa akiona mstari umepinda anainama kunyoosha, na kuanzia hapo somo ni lake.

Mbolea ya kupandia ifundishwe kwa kipimo wanachokimiliki. Tuseme ushauri wa eneo lako ni kilo 125 kwa hekta. Kipande chenu ni sehemu moja ya mia ya hekta, basi ni kilo 1.25. Gawanya kwa mashimo 520: gramu 2.4 kila shimo. Chukueni kizibo cha soda, mjaze na kusawazisha mara 20, mpime kwenye mizani ya dukani, mgawanye kwa 20. Kizibo kikibeba gramu 5, shimo moja linataka nusu kizibo. Mbolea iwekwe chini, ifunikwe kwa udongo kidogo, ndipo mbegu ishuke. Ikigusana na mbegu huiunguza, na shimo halioti. Makosa yanayojirudia ni "konzi moja", na konzi ya mtu mmoja ni mara mbili ya mwenzake.

Kila wiki kikundi kidogo kichague mimea 10 kwa kupita shamba kwa mwendo wa kona kona, wasichague iliyonona. Waangalie urefu, majani, rangi, wadudu waharibifu, wadudu rafiki, unyevu wa udongo na magugu. Wachore walichoona kwenye karatasi kubwa: wadudu waharibifu upande mmoja, rafiki upande wa pili, mmea katikati. Kisha waamue: wiki hii tunafanya nini? Tunapulizia au tunangoja? Uamuzi utolewe na kikundi.

Ongeza safu moja ambayo haimo kwenye fomu nyingi: saa za kazi. Kila kipande, kila wiki, nani kafanya kazi gani kwa muda gani. Hapa ndipo utagundua kwa nini mbinu nzuri huachwa. Kilimo cha kutotifua ardhi, kwa mfano, hupunguza kazi ya kulima, kazi ambayo penye plau ni ya wanaume mara nyingi. Lakini pasipo kiuagugu wala matandazo ya kutosha huongeza palizi, na palizi ni ya wanawake. Kwenye takwimu za mavuno mbinu imeshinda. Kwenye mgongo wa mtu imeshindwa, na msimu wa pili haitaonekana shambani.

Vifaa vipimwe hivyo hivyo. Bomba la kupulizia la lita 16 likijaa lina kilo 16 za maji kabla hujahesabu uzito wa bomba lenyewe. Fundisheni kujaza nusu na kurudi kujaza tena. Wajawazito na wanaonyonyesha wasichanganye dawa wala kupulizia. Na usiishie hapo: wanaokutana na sumu bila kujua ni wale wanaofua nguo za mpuliziaji. Nguo hizo zifuliwe peke yake, siku hiyo hiyo, kwa glavu, na beseni lake lisitumike kwa kingine. Ukisema "wanawake hawapulizii, kwa hiyo somo la dawa si lao", umewanyima kinga hiyo.

Somo la kuhifadhi nafaka lifanyike na chupa mkononi. Kausha chumvi kwanza juani au kwenye kikaango, iwe nyepesi kama vumbi. Chukua chupa ya glasi kavu kabisa yenye kifuniko, mimina punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga. Tikisa dakika 2 hadi 3, iache itulie dakika 15. Inua uangalie glasi: chumvi ikiwa imenata ukutani, nafaka ina unyevu unaozidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, bado kwa mfuko usiopitisha hewa tunataka asilimia 13 au chini, kwa hiyo anika siku moja zaidi. Mfuko huo hauhitaji dawa. Wadudu hufa kwa kukosa hewa. Hushindwa kwa sababu mbili: nafaka mbichi, na mfuko wa ndani uliotobolewa na punje zenye ncha au kucha za panya. Kabla ya kujaza, pulizia hewa mfuko wa ndani, ufinye mdomo na usikilize.

Siku ya kuvuna acheni mistari ya pembeni, pimeni ya ndani na muhesabu eneo lake. Mkivuna kipande chote cha mita za mraba 100, zidisheni kilo kwa 100 mpate kilo kwa hekta: kilo 38 ni 3,800. Kisha wekeni pembeni yake ile safu ya saa za kazi na gharama. Mjadala wa siku hiyo ndio mtihani wenu.

Hatua ya 7: Nani anasema

Kuhudhuria ni kitu kimoja, kusikika ni kingine. Kwa vipindi viwili mfululizo, mtu mmoja akae nyuma ahesabu kwa vijiti: mara ngapi mwanamume kasema, mara ngapi mwanamke, na afisa kamwangalia nani alipouliza swali. Matokeo huwa yanaaibisha. Tiba zake ni ndogo ndogo: kaeni duara badala ya safu, jadilini kwanza kwenye vikundi vya watano, mwasilishaji abadilike kila wiki, na baada ya kuuliza swali hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumpa nafasi anayenyoosha mkono kila siku. Tumia lugha wanayoongea nyumbani.

Afisa mwanamke hurahisisha mengi, lakini usingoje hadi aajiriwe ndipo uanze. Afisa mwanamume afanye ziara za mashambani akiwa na kiongozi wa kikundi, azungumze mahali pa wazi, asiingie nyumbani mama akiwa peke yake. Mkutano wa kwanza utaje majina ya watu wawili, mmoja akiwa nje ya idara, wa kupelekewa malalamiko endapo mtumishi atadai chochote, fedha au mwili, ili kutoa huduma. Litamkwe hadharani, afisa mwenyewe akiwepo.

Hatua ya 8: Wakulima wawezeshaji

Mfumo wa mafunzo na ziara, ulioenezwa na Benki ya Dunia kuanzia miaka ya 1970, ulipeleka ujumbe kwa wakulima wachache waliochaguliwa ili nao wawaambie wengine. Wengi wao walikuwa wanaume, na ujumbe uliishia barazani. Kosa hilo hurudi leo kupitia vigezo: "ajue kusoma, awe na baiskeli, awe na ekari tano". Andika vigezo vyako upya. Ajue kilimo, aaminike na jirani zake, awe tayari kuonyesha shamba lake. Wawezeshaji, yaani wakulima wanaowafundisha jirani zao, wachaguliwe wawili wawili, mwanamke na mwanamume, kila jozi ihudumie kaya 15 hadi 20 zinazofikika kwa miguu. Kama kuna hesabu ya kuandika, mmoja anayejua aandike.

Uongozi wa kikundi nao: wanawake wasibaki kwenye viti vya mtunza maji na mpishi. Katiba itamke kwamba kati ya watia saini watatu wa akaunti walau wawili ni wanawake, na kwamba kikao hakina akidi wasipofika nusu ya wanachama wanawake.

Hatua ya 9: Simu na redio

Kwa kifupi: ujumbe wa maandishi kwa simu ya mume si huduma kwa mke. Tumia orodha yako ya hatua ya 1 kujua nani ana simu yake. Kwa wengine, ujumbe wa sauti usikilizwe kikundini. Kipindi cha redio kirushwe kwenye lile pengo la maduara, kirudiwe, na kikundi kikutane baada yake kujadili jambo moja la kujaribu.

Hatua ya 10: Kupima

Tupa kipimo cha "wanawake 40 walihudhuria" kikiwa peke yake. Wiki 6 baada ya somo tembelea wanawake 20 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha yote, si kutoka kwa waliohudhuria tu. Uliza manne: ulisikia nini? Ulijaribu nini? Kama hukujaribu, kilikuzuia nini? Nani aliamua? Kisha omba uone. Aliyesema ametumia mfuko akuonyeshe mfuko. Ukikuta wengi wamesikia na hawakujaribu kwa kukosa fedha ya mbegu, shida yako si mafunzo tena. Kaa na kikundi cha kuweka na kukopa mpange mkopo ulipwe baada ya mavuno, usilipwe kila wiki.

Daftari la mahudhurio lina kazi moja zaidi. Mwanamke akikosa vipindi viwili mfululizo, mwezeshaji wake amtembelee ndani ya siku 7. Asiende kumhoji. Aende na alichochora kikundi wiki hiyo, amsimulie, halafu aulize saa ipi ingemfaa. Majibu matatu yakifanana, saa ya kikundi ibadilishwe kabla ya kipindi kinachofuata.